Hesabu Mpaka Kumi: Jinsi ya Kumuuguza Aliyeumia Ubongo

Kabla hujamvisha shati, hesabu mpaka kumi. Hesabu kimoyomoyo, bila haraka, mikono yako ukiwa umeifunga nyuma. Nimefanya kazi wodi ya utengamao, mahali pa kumrudishia mgonjwa uwezo wake, miaka 19 na hakuna kazi iliyonitoa jasho kama hiyo.

Aliyenifundisha ni fundi seremala mmoja aliyeanguka kutoka juu ya kenchi. Nilikuwa mgeni pale, nimetoka wodi ya upasuaji ambako muuguzi hodari ni yule anayemaliza vitanda vyake mapema. Kila asubuhi nilimwogesha, nikamvisha, nikamchana nywele, nikamhamishia kwenye kiti cha magurudumu, yote kwa dakika 15. Nikajiona wa maana kweli. Wiki ya tatu mkuu wa zamu, mama mmoja mtu mzima asiyepaza sauti, alisimama mlangoni akatutazama hadi mwisho. Akaniuliza, "Sista, leo wewe umevaa mara mbili. Yeye atavaa lini?"

Nilinuna siku nzima. Kesho yake nikamwekea fulana mapajani, nikasema "Vaa fulana," nikanyamaza. Aliitazama. Moja, mbili, tatu. Akageukia dirishani. Nne, tano. Vidole vyangu viliwasha kwa hamu ya kuichukua ile fulana. Nilipofika nane, kidole gumba chake kikaanza kupapasa pindo, taratibu, kama fundi anayekagua ubao kabla ya kupiga randa. Ilituchukua dakika 40, na fulana ilivaliwa mgongo mbele. Niliiacha hivyohivyo mpaka mchana.

Ubongo uliojeruhiwa hausikii polepole, unachakata polepole. Maneno yanafika, yanatafutiwa maana, uamuzi unapitishwa, misuli inaamriwa, na kila kituo kina foleni. Wewe ukiona kimya kwenye sekunde ya tatu unauliza tena kwa maneno mengine, na hapo umemrudisha mwanzo wa foleni. Sema mara moja, sentensi fupi, jambo moja. Ikibidi kurudia, rudia maneno yaleyale.

Na kungoja si kumtelekeza. Akipepesuka, achana na namba umshike. Akikwama kwenye shati, msaada una ngazi zake: kwanza neno ("mkono wa kushoto"), kisha kuonyesha kwa kidole, kisha kuweka mkono wako juu ya wake na kuanza naye, na kumfanyia kabisa ni ngazi ya mwisho. Siku inayofuata usianzie ngazi uliyoishia jana. Anzia chini tena, uone.

Watu hudhani kupona hutokea kwenye chumba cha mazoezi. Piga hesabu. Mtaalamu wa fiziotherapia anakaa naye saa moja, wa tiba kazi labda saa nyingine, wa tiba ya usemi nusu saa. Saa zinazobaki ni zako wewe muuguzi au wewe ndugu: kuvaa, kula, kwenda choo, kugeuka kitandani. Mtu aliyefundishwa kusimama asubuhi, halafu akabebwa mzobemzobe kwenda choo mara sita, siku hiyo amejifunza kusimama mara moja na kubebwa mara sita.

Namba ya Glasgow na siku za ukungu

Ndugu huja na namba mdomoni. "Sista, alikuwa 7, sasa ni 14, si amepona?" Kipimo hicho walikitunga Graham Teasdale na Bryan Jennett huko Glasgow mwaka 1974. Macho yana alama 1 hadi 4, usemi 1 hadi 5, mwendo wa viungo 1 hadi 6. Kwa hiyo cha chini kabisa ni 3 na cha juu ni 15. Kinapima mtu yuko macho kiasi gani, basi. Nimeuguza mwenye 15 kamili, anataja tarehe bila kusita, akaacha bomba la maji likafurika sakafu nzima kwa sababu alisahau kwamba amelifungulia.

Baada ya kuzinduka wengi hupita kipindi ambacho kumbukumbu mpya hazishiki. Anaongea, anakula, hata utani anao, lakini saa haiungani na saa. Madaktari hutumia urefu wa kipindi hiki kukisia uzito wa jeraha, na kikipita wiki moja huhesabiwa kuwa zito. Kwa hiyo andika mahali tarehe aliyoanza kukusimulia mambo ya jana yake bila kuulizwa. Utaulizwa tarehe hiyo baadaye, na hakuna aliye nayo zaidi yako.

Siku za ukungu usimtahini. Kila mgeni akiingia ni "Mimi nani? Unanijua? Leo siku gani?" na mgonjwa anafeli mtihani huohuo mara 12 kwa siku. Mpe majibu badala ya maswali: "Mimi ni dada yako. Uko hospitali. Uliumia kichwa. Leo ni Jumanne asubuhi." Akisisitiza kwamba anachelewa kazini, usibishane naye. "Umezoea kuamka mapema. Njoo tunawe uso kwanza." Wageni wamfikie wawili tu kwa wakati mmoja, na aongee mmoja. Televisheni izimwe.

Akianza fujo, kwanza tafuta kinachomuuma. Kijana mmoja alituvurugia usiku mzima, anatukana, anang'oa mipira, na mimi tayari nilikuwa nimeshika simu nimwite daktari aandike dawa ya kumtuliza. Mwanafunzi wa uuguzi, binti mwenye wiki mbili tu wodini, akaweka kiganja juu ya kinena. Kibofu kilikuwa kigumu kama mpira wa miguu. Mpira wake wa mkojo ulikuwa umekunjika chini ya paja. Tukaunyoosha, ukatoka mkojo kasoro kidogo lita moja, na kabla mfuko haujamwagwa alikuwa anakoroma. Toka siku hiyo orodha yangu ni kibofu, choo kigumu, maumivu, homa, kiu, mshono unaowasha, makelele. Dawa baadaye. Kumfunga kamba ni kumpa kitu kingine cha kupigana nacho. Afadhali kitanda kishushwe chini kabisa, na mpira ufichwe chini ya bandeji au nguo mahali asipouona.

Kulisha

Hapa sina utani hata kidogo. Chakula kikiingia njia ya hewa huzaa nimonia, na nimonia imewamaliza watu waliokwisha kupona kisu cha daktari wa ubongo. Mtu anayesinzia halishwi. Asiyepimwa namna anavyomeza halishwi pia, hata kama mama yake amekuja na kijiko na machozi.

Aliyeruhusiwa, mkalishe wima, mapaja na kiwiliwili vimefanya herufi L, nyayo zimekanyaga kitu. Wewe nawe kaa, tena chini kidogo ya macho yake. Ukimlisha umesimama atainua kidevu akutazame, na kidevu kikipanda njia ya hewa hukaa wazi zaidi. Tumia kijiko kidogo, nusu yake. Tazama koromeo: lipande, lishuke. Halijapanda, bado hajameza, hata kama mdomo umefungwa na anakuangalia kwa subira. Kila baada ya vijiko vichache mwambie aseme "aaa". Sauti ikitoka na majimaji, kama mtu anayeongea ndani ya chupa, kuna kitu kimebaki kooni: akohoe, ameze tena pasipo kitu, na kijiko chako kisubiri. Chungulia shavu la upande dhaifu. Nimewahi kukuta humo kidonge cha asubuhi wakati wa chakula cha jioni.

Maji matupu huwatesa wengi kuliko chakula laini, kwa sababu hukimbia kabla koo halijajiandaa. Ndiyo maana wengine huandikiwa maji yaliyozitishwa. Na usitegemee kikohozi kikuonye. Wapo ambao chakula huingia mapafuni kimyakimya, na unachokiona ni homa zinazorudi, pumzi za haraka, mwili unaopungua. Akimaliza abaki wima nusu saa. Meno na ulimi vipigwe mswaki, hata kwa anayelishwa kwa mpira wa puani, maana mate yenye uchafu nayo hushuka kifuani.

Mwili, kwa kifupi

Kitandani ageuzwe angalau kila saa 2. Kwenye kiti ajiinue au aegemezwe kila baada ya dakika 15 hadi 30. Kagua visigino, makalio, nyonga na nyuma ya masikio. Kwenye ngozi nyeusi usisubiri wekundu: papasa, ukipata sehemu iliyo ngumu, yenye joto au yenye rangi tofauti na jirani yake, hapo kidonda kinaanza, asipalalie tena. Mkono dhaifu usivutwe kamwe, si wakati wa kumnyanyua wala kumgeuza. Bega lisiloshikwa na misuli huchomoka kirahisi na maumivu yake hukaa miezi. Shati huanzia mkono dhaifu na huvuliwa kuanzia mkono mzima. Viungo vikikakamaa ghafla kuliko jana, angalia kibofu, choo na hata ukucha uliozama nyamani kabla ya kulaumu ubongo.

Mpira wa mkojo uulizie kila siku unatoka lini. Ukitoka, mpeleke choo kila saa 2 akiwa macho, awe ameomba au hajaomba. Choo kikubwa mkalishe dakika 20 hadi 30 baada ya kifungua kinywa, utumbo ukiwa umeamshwa na chakula. Nepi ya "tahadhari" humfundisha kwamba hakuna haja ya kusema.

Lipo jambo moja ambalo ndugu hulichukulia kama ukaidi. Jeraha la upande wa kulia wa ubongo linaweza kumfanya mtu asahau upande wa kushoto wa dunia. Macho ni mazima, ila kushoto hakupo. Anakula nusu ya sahani na kulalamika kwamba amepunjwa. Ukiizungusha sahani umemshibisha leo. Ukibandika utepe mwekundu ukingo wa kushoto na kumwambia "tafuta nyekundu kwanza", kichwa kinaanza kujifunza kugeuka. Kitabu nacho kichorewe mstari mwekundu pambizo ya kushoto, na meza yenye maji iwe upande huohuo.

Pale ambapo kungoja ni kosa

Kuvaa ni ujuzi wa zamani. Umelala, unaamshwa, na unaweza kuungojea. Jambo jipya ni habari nyingine. Alan Baddeley na Barbara Wilson walionyesha mwaka 1994 kwamba watu wenye upotevu mkubwa wa kumbukumbu hujifunza vizuri zaidi wakizuiwa kukosea. Mimi na wewe tukikosea tunakumbuka kwamba lilikuwa kosa. Yeye hakumbuki, kinachobaki ni njia ambayo mguu ulishapita.

Nililipia somo hilo kwa mwalimu mmoja wa hesabu. Nilimwachia abahatishe mlango wa choo, nikiamini namfikirisha. Mara tatu alifungua stoo ya mashuka. Wiki iliyofuata alikuwa anaingia stoo kwa kujiamini kabisa, hata taa anawasha. Tulianza upya: namshika kiwiko kutoka kitandani mpaka choo, njia ileile, maneno yaleyale, bila swali hata moja, kisha namwachia hatua mbili za mwisho, kesho nne, keshokutwa sita. Breki za kiti cha magurudumu zifundishwe hivyo, na simu mpya pia.

Daftari la kumbukumbu liwe moja. Vikaratasi kumi ni vitu kumi vya kupoteza. Ukurasa wa kwanza: jina lake, kilichompata, anakoishi, nani apigiwe. Halafu kila siku ukurasa wake, una saa upande mmoja na nafasi ya kuweka alama jambo likifanyika. Aandike mwenyewe hata kama mwandiko unatambaa. Daftari peke yake halifai kitu kama hakumbuki kwamba analo, kwa hiyo lifunguliwe pamoja naye saa zilezile, asubuhi, mchana na jioni, mpaka mkono ulifuate wenyewe. Kengele za simu ziandikiwe kitendo: "Meza kidonge cheupe". Kengele isiyo na maneno itazimwa na kusahauliwa papo hapo.

Sasa naongea na wewe uliyeumia

Kama unasoma peke yako, soma sehemu hii leo na zilizobaki kesho.

Uchovu ulio nao si uvivu. Ni kama betri ya simu kuukuu: inaonyesha asilimia 60, mara inazima. Usingoje ikuzimie mahali penye watu. Pumzika kabla ya kuchoka, kwa saa na si kwa hisia. Wagonjwa wangu wengi huanza na dakika 20 za kazi ya kichwa na 10 za kulala chali macho yamefumbwa, bila simu, bila redio. Baada ya wiki, wakiweza, wanaongeza dakika 5. Mambo mazito, kama mahesabu au mazungumzo na mwajiri, yaweke muda ambao kichwa chako ni chepesi. Kwa wengi ni asubuhi. Usingizi wa mchana usizidi nusu saa, usiku usije ukakukimbia.

Jaribu kunusa sabuni. Husikii harufu? Nyuzi za neva ya kunusa hupita kwenye tundu ndogo za mfupa ulio juu ya pua, na kichwa kikitikiswa kwa nguvu huweza kukatika. Watu wengi hugundua baada ya miezi, chakula kikiwa kimeungua na wao wamekaa palepale. Andika tarehe kwenye chakula unachohifadhi, weka king'ora cha moshi kama unaweza kukipata, na mtu mwingine awe ndiye mkaguzi wa gesi.

Pombe iache. Inakulevya haraka kuliko zamani, inakupepesua, na inakusogezea kifafa. Dawa za kuzuia kifafa usiziache ghafla kwa sababu umejisikia vizuri; umejisikia vizuri kwa sababu unazimeza. Ngazi, pikipiki, michezo ya kugongana na usukani wa gari vingoje ruhusa ya daktari, maana pigo la pili juu ya ubongo ambao haujatulia ni baya kuliko la kwanza.

Halafu hasira. Zinapanda kwa sekunde, breki hazipo, na baada ya dakika tano unalia. Kubalianeni na wa nyumbani kuhusu ishara moja, kiganja kilichoinuliwa kwa mfano: ukiinua, unatoka chumbani na hakuna anayekufuata wala kukuuliza kwa dakika 15. Makubaliano yafanyike siku ya utulivu, yaandikwe daftarini.

Ukisoma kuhusu tabia kubadilika, utamkuta Phineas Gage, msimamizi wa kikosi cha wajenzi wa reli Marekani, ambaye nondo ilimpenya fuvu mwaka 1848. Wasimulizi hupenda kuishia pale rafiki zake waliposema si Gage tena. Wanaruka sehemu ninayoipenda mimi: baadaye alikwenda Chile akaendesha magari ya farasi kwa miaka kadhaa. Farasi walewale wa kulisha, hatamu zilezile, barabara ileile. Naamini ratiba ilimshika mkono. Nawe jipe siku inayofanana na jana.

Huzuni ikikaa wiki mbili haijaondoka, iseme. Ni sehemu ya jeraha na ina matibabu. Wazo la kujidhuru liseme siku hiyohiyo.

Usingoje kupambazuke

Mrudishe hospitali mara moja akiumwa kichwa kunakozidi kila saa, akitapika mara kwa mara, akisinzia mpaka kumwamsha ni kazi, mboni moja ikiwa kubwa kuliko nyenzake, mkono au mguu ukilegea upya, maji meupe yakimtoka puani au sikioni, au homa pamoja na shingo ngumu. Akitukutika kwa kifafa, mlaze ubavu, ondoa vitu vya kumgonga, usimtie kitu mdomoni, tazama saa: ikipita dakika 5, ni dharura.

Lingine huja taratibu na hupitwa na wengi. Mtu aliyekuwa anaendelea vizuri, baada ya wiki au miezi, anaanza kuburuta miguu, kujikojolea na kupungukiwa akili. Familia husema amekata tamaa. Huenda maji yamejaa ndani ya ubongo, au damu imevilia taratibu juu yake, na yote mawili daktari wa upasuaji anaweza kuyashughulikia. Omba apigwe picha ya kichwa.

Karatasi ya mlangoni

Wewe unayemuuguza utahitaji kutoka, ulale kwingine, uumwe. Usipoandaa siku hiyo, itajiandaa yenyewe vibaya. Chukua karatasi moja, ubandike ndani ya mlango wa chumba chake, uandike kwa herufi kubwa anavyomeza, dawa na saa zake, bega lipi lisiguswe, anakwenda choo saa ngapi, ishara yake ya hasira, namba ya daktari. Mke wa yule seremala aliandika karatasi ya namna hiyo wiki moja kabla hawajaruhusiwa, akaniletea niihakiki. Dawa zilikuwa sawa, saa zilikuwa sawa. Niliongeza mstari mmoja tu kwa kalamu nyekundu, shemeji yake atakapokuja kumpokea zamu asije akauruka: "Shati anavaa mwenyewe, anaanza na mkono wa kushoto. Ni dakika 25 kwa sasa. Kaa kwenye kiti kile."